Masanduku ya Nakuru: shajara ya kuorodhesha majarida ya magari ya kabla ya vita

3 Februari

Kazi imeanza. Lengo ni faharasa moja ya majarida yanayohusu magari yaliyotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili: yale yaliyochapwa magari hayo yakiwa mapya, na yale yaliyochapwa baadaye na watu waliokataa kuyaacha yafe. Nataka fundi wa Nairobi mwenye Austin Seven, kale kagari kadogo ka Uingereza, juu ya mawe aulize "breki" na apewe jina la jarida, tarehe na ukurasa, asipoteze Jumamosi nzima akifunua karatasi.

Masanduku yametoka stoo ya shamba moja upande wa Nakuru. Wenyewe wamehama, na hawakutaka yachomwe. Sasa yamejaa chumba cha nyuma hapa South B, na mke wangu ameweka sharti moja: mende asivuke mlango wa jikoni.

Kwa kutazama juu juu, mengi ni ya Uingereza, na hilo halishangazi. Waliokuwa wakiagiza majarida haya Kenya ya miaka ya 1920 na 1930 ni walowezi. Yalishuka Mombasa kwa meli, yakapanda reli, yakafika habari zake zimeshapoa. Naona The Autocar na The Motor, mahasimu wawili wa kila wiki. Naona Motor Sport, la kila mwezi. Yako machache ya The Light Car and Cyclecar. Chini kabisa kuna vitu vya baada ya vita: Veteran and Vintage, Hemmings Motor News la Marekani, na mabunda ya taarifa za vilabu.

9 Februari

Wiki ya vumbi. Pini za chuma zilizoshika kurasa zimeota kutu, na kila moja imeacha doa la kahawia kwenye mkunjo. Tunazitoa kwa kisu butu na kushona upya kwa uzi wa pamba. Binti anayenisaidia, anayesomea ukutubi chuoni, ana mikono myepesi kuliko yangu. Pini nimemwachia yeye, mimi nimebaki na brashi.

Karatasi ziko za aina mbili na kila moja ina ugonjwa wake. Ile ya bei nafuu, iliyotengenezwa kwa massa ya mti, inageuka manjano na kuvunjika pembeni kwa sababu asidi iliyomo inaila kutoka ndani. Ile ya kung'aa, ya picha, imepakwa udongo laini. Ikilowa na kukauka ikiwa imefungwa, kurasa zinagandana zikawa kama ubao. Tuna bunda moja la namna hiyo la mwaka 1934. Tumeliweka kando, hiyo si kazi ya kisu cha jikoni.

Ubaridi wa Nakuru umetusaidia. Yangekuwa yamehifadhiwa Mombasa, mradi huu ungekuwa mfupi sana.

17 Februari

Leo tumefungua juzuu zilizojalidiwa, za The Autocar, zenye herufi za dhahabu mgongoni. Ni nzuri kwa macho, lakini hazina matangazo. Ulikuwa mtindo wa siku hizo, maktabani na majumbani: nusu mwaka ukiisha, unapeleka matoleo yako kwa mjalidi, naye anang'oa majalada na kurasa zote za matangazo za mbele na za nyuma ili juzuu isinenepe.

Kwa maoni yangu walitupa nusu iliyo bora. Makala ya mwandishi wa 1926 aliyeendesha gari hadi Scotland na kurudi ina utamu wake, lakini haimwambii fundi wa leo kitu cha kushika mkononi. Tangazo linamwambia. Chukua matangazo ya mafuta ya injini ya Gargoyle Mobiloil, ya kampuni ya Vacuum Oil. Ndani yake kulikuwa na jedwali: upande mmoja majina ya magari, juu miaka, na katika kila kisanduku herufi ya aina ya mafuta yanayofaa. A, BB, E, au Arctic. Ford Model T ilipewa E. Mtu alichapa jedwali hilo ili auze mafuta, na bila kukusudia akatuachia daftari la magari yaliyokuwa barabarani mwaka ule, zikiwemo kampuni zilizokufa na kusahaulika. Clyno ilikuwa ya tatu kwa ukubwa Uingereza katikati ya miaka ya 1920, nyuma ya Morris na Austin, 1929 ikafilisika. Leo utamtafuta wa kukusimulia habari zake hapa Nairobi umkose, lakini kwenye jedwali la mafuta utaikuta imepangwa na wenzake.

Kwa hiyo uamuzi umefanyika: matangazo yanaingia kwenye faharasa kwa uzito uleule wa makala. Barua za wasomaji pia. Binti amenikumbusha kwamba hili linaongeza kazi karibu mara mbili. Ni kweli, na nimemwambia tutakunywa chai zaidi.

Matoleo yaliyolegea, ambayo hayakupelekwa kwa mjalidi, yamepanda cheo. Asubuhi yalikuwa rundo la pembeni. Sasa yako mezani, na juzuu za dhahabu ziko chini.

24 Februari

Majedwali ya mafuta yamesababisha mzozo wa furaha. Fundi mmoja wa Industrial Area, mzee anayefufua magari ya wateja wa Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari ya pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, alipita kutazama. Akaona jedwali lina safu mbili kwa kila mwaka, ya majira ya joto na ya baridi.

"Mwalimu, hii ya baridi ndiyo ya Julai ya Limuru?"

Nikamwambia baridi inayosemwa ni ya maji kuganda kwenye rejeta. Akakataa katakata, kwake Limuru ni baridi ya kutosha. Nimeandika safu zote mbili, aamue mwenyewe.

6 Machi

Tumeweka mpangilio wa jedwali letu la kompyuta. Kila rekodi ina jarida, tarehe, ukurasa, chapa ya gari, mwaka, sehemu ya gari, na aina ya maandishi: makala, jaribio la barabarani, barua, tangazo, tangazo dogo, mchoro.

Swali lililotuchelewesha ni namna ya kugawa nyakati. Waingereza wa vilabu wana matabaka yao: kuna magari ya mwanzo kabisa, kuna ya hadi Vita Vikuu vya Kwanza, kuna "vintage" ambayo ukomo wake ni mwisho wa 1930, halafu machache ya 1931 hadi 1940 yaliyokubaliwa kwa sifa ya utengenezaji wake. Ukomo huo wa 1930 unatoka kwa Vintage Sports-Car Club, iliyoanzishwa 1934 na vijana wasio na fedha nyingi walioona magari mapya ya siku zao yamekuwa laini na hafifu. Fikiria: gari la miaka michache tu lilikuwa tayari ni la kupigania. Wamarekani wa Classic Car Club of America, cha 1952, walichora mstari mwingine, 1925 hadi 1942, na kwa magari ya kifahari peke yake. Model A ya Ford, zilizotengenezwa karibu milioni tano, haikaribishwi mlangoni.

Tumeamua kuandika mwaka tu. Anayetaka matabaka atayapanga mwenyewe.

12 Machi

Motor Sport linastahili siku yake. Lilianza Julai 1924 kwa jina la Brooklands Gazette, kwa ajili ya ule uwanja wa mbio wa Surrey uliofunguliwa 1907, na mwaka uliofuata likabadili jina. Mhariri aliyelifanya liwe hivi lilivyo ni Bill Boddy, aliyeshika kalamu 1936 akaiacha 1991, na hata baada ya hapo akaendelea kuliandikia hadi alipofariki 2011 akiwa na miaka 98. Sijui mhariri mwingine wa magari aliyekaa kiti kimoja miaka 55.

Matoleo ya wakati wa vita ndiyo yamenikalisha. Brooklands ilifungwa 1939 na haikufunguliwa tena. Hakuna mbio, hakuna magari mapya, karatasi inapimwa kwa mgao, na kuanzia Julai 1942 mtu binafsi hapewi tena petroli ya matembezi. Jarida la mbio litaandika nini? Boddy aliwaomba wasomaji waandike habari za magari waliyowahi kumiliki, na safu hiyo ikaenda kwa miaka. Wakaandika marubani, mainjinia wa viwanda vya ndege, askari walioko mbali na nyumbani. Kila mmoja anataja gari lake la kwanza alilinunua kwa pauni ngapi, liliharibika wapi, nini kilivunjika, alikifunga kwa kitu gani.

Wapenda fasihi watasema ni porojo. Kwa faharasa ni dhahabu, maana mtu aliyeliuza gari lake zamani hana sababu ya kulisifu. Anakwambia ekseli ilikatika na ilikatikia wapi. Mtengenezaji hakuwahi kuandika hivyo katika kijitabu chake. Binti anaziingiza barua hizi chini ya kichwa "kilichovunjika", na kichwa hicho kinajaa haraka kuliko vingine vyote.

20 Machi

Tatizo la namba. Magari ya Uingereza ya miaka ya 1920 yanaitwa kwa namba mbili, kama 12/50 ya Alvis. Ya kwanza ni nguvu farasi za kodi, ya pili ni nguvu halisi, au ile ambayo mwenye kiwanda alipenda watu waamini. Kuanzia 1921 kodi ilikuwa pauni moja kwa kila nguvu farasi, na nguvu hiyo haikupimwa; ilipigiwa hesabu. Unachukua kipenyo cha silinda kwa inchi, unakizidisha kwa chenyewe, unazidisha kwa idadi ya silinda, unagawanya kwa 2.5. Austin Seven, yenye silinda nne za milimita 56, inapata 7.8. Urefu wa mwendo wa pistoni haumo kwenye hesabu, kwa hiyo viwanda vya Uingereza vikatengeneza injini nyembamba na ndefu ili kukwepa kodi. Mafundi wanaoshangaa kwa nini kranki ya Mwingereza wa 1930 inatupa pistoni mbali hivyo, jibu liko kwa mtoza ushuru.

Kwa upande wetu, ukitafuta "14/40" unaletewa Vauxhall, Sunbeam na MG kwa mpigo. Tumeweka sheria: namba haisimami peke yake, lazima chapa itangulie.

2 Aprili

Faharasa imejibu swali lake la kwanza la kweli, ingawa haijafika hata nusu.

Yule fundi wa Industrial Area ana Austin Seven ya mteja. Hati zinasema 1930. Yeye hakubali, kwa sababu injini ina magneto, kifaa kinachojizalishia umeme wa cheche bila betri, na pedali ya breki inashika magurudumu ya nyuma tu; ya mbele yako kwenye breki ya mkono. "Mwalimu," akasema kwenye simu, "hati ni karatasi, chuma ni chuma. Niangalizie."

Tulienda kwenye matoleo ya maonyesho ya Olympia. Kila vuli London ilikuwa na maonyesho ya magari katika ukumbi huo, na magazeti ya wiki yalitoa matoleo mazito kama matofali yakieleza kila chapa imebadilisha nini kwa mwaka unaokuja. Kwa kazi ya kutambua umri wa gari hayana mpinzani. Austin Seven iliacha magneto na kuhamia koili na distributa 1928. Breki za mbele na za nyuma ziliunganishwa kwenye pedali moja 1930. Ukiweka ushahidi huo pamoja, gari la mzee ni la 1928 au kabla yake, isipokuwa mtu awe amelibandika injini na breki za kuukuu, jambo ambalo halielekei. Mwaka 1930 kwenye hati huenda ni mwaka lilipoandikishwa hapa, baada ya kuletwa likiwa limeshatumika.

Alifurahi, lakini si kwa sababu niliyodhani. Tarehe haikumsumbua sana. Alitaka kujua aagize platini za magneto au za distributa, na mteja alikuwa tayari ameshamletea za distributa.

15 Aprili

Mvua. Unyevu umepanda chumbani, tumefunga skana na kuweka vifuko vya kukausha ndani ya masanduku. Hakuna rekodi mpya.

23 Aprili

Michoro. The Autocar lilikuwa na F. Gordon Crosby, aliyechora mbio kwa kasi ambayo kamera za siku zile hazikuiweza. Vumbi, mwanga, dereva akipigana na usukani. Ndiye pia aliyemchora yule chui anayeruka wa Jaguar. Lilikuwa pia na Max Millar, ambaye alikuwa akilikata gari kwa kalamu na kukuonyesha gia boksi, kranki na sampu mahali pake. Kwa mtu anayependa ukuta wake upendeze, Crosby. Kwa anayetaka kurudisha gia boksi bila kubaki na washa mkononi, Millar. Sioni haya kusema nipo upande wa Millar.

Hapa likaja suala la haki. Watu wanaomba picha zilizoskaniwa. Sheria ya Kenya inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi au mchoraji, ya Uingereza kwa miaka 70. Crosby alifariki 1943, kwa hiyo kwake pande zote mbili muda umepita. Maandishi ya Boddy yatalindwa hapa hadi mwisho wa 2061. Tutatoa faharasa kwa yeyote, maana kumwambia mtu kitu kiko ukurasa gani hakumnyang'anyi mwandishi chochote. Kurasa zenyewe, mtu aje azisome mezani.

8 Mei

Tumefika tabaka la baada ya vita, na mwendo umeongezeka kwa kuwa karatasi ni nzima.

Tofauti inaonekana mara moja. Majarida ya 1920 yaliandikiwa mtu anayetaka kununua gari. Haya yameandikiwa mtu anayetaka kulitafuta. Hemmings Motor News lilianza 1954 kule Quincy, Illinois, na karibu lote ni matangazo madogo: nauza bonet, natafuta taa za mbele. Halipendezi hata kidogo. Automobile Quarterly, lililoanza 1962, liko upande wa pili kabisa: jalada gumu, picha za rangi, na halikukubali tangazo hata moja. Binti analipenda sana. Mimi nalipindua kwa heshima na kulirudisha rafuni, kisha nachukua Hemmings, kwa sababu tangazo la mtu anayeuza mabaki ya magari matano linaniambia ni vipuri gani vilibaki duniani mwaka ule na viliuzwa bei gani.

Veteran and Vintage la Lord Montagu wa Beaulieu, la 1956, liko katikati, na ni zuri kwa historia za kampuni ndogo. The Automobile, la 1982, tuna machache. Hilo linajali magari ya kabla ya vita kuliko majarida mengi ya madukani, ambayo yaligundua kwamba gari la 1965 linauza nakala nyingi zaidi.

Taarifa za vilabu ndizo zimenishinda kuziacha. Zimechapwa kwa mashine za mkono, wino umefifia, hazina picha. Lakini humo mtu anaeleza jinsi ya kumimina upya beringi za bati kwenye konrodi: joto la chuma, namna ya kupaka bati kwanza ili lishike, kwa nini kalibu ipashwe moto. Mzee wa Industrial Area alisoma kurasa hizo amesimama, halafu akaomba kiti.

19 Mei

Tumeongeza kichwa "Afrika Mashariki". Kinapaswa kuwepo. Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki cha 1919, alitoka Nairobi hadi Mombasa kwa Riley mwaka 1926, wakati njia hiyo kwa sehemu kubwa haikuwa njia. Mnara wake uko mjini, Kenyatta Avenue, watu wanaupita kila siku wakikimbilia matatu. Barua za wasomaji kutoka makoloni zinajitokeza kwenye magazeti ya wiki, zikilalamika kwamba magari ya Uingereza yako chini mno kwa barabara za huku na rejeta zinachemka, ilhali ya Marekani yanapita. Wanaojitambulisha kwenye barua hizo ni wenye magari. Waliokuwa wakiyasukuma matopeni na kuyatengeneza usiku hawaandiki popote, na faharasa haiwezi kuwaongeza. Tumeweka alama kila mahali wanapotajwa bila jina, "fundi wangu", "boi wangu", ili atakayetaka kuwafuatilia ajue aanzie wapi.

4 Juni

The Autocar limekamilika kuanzia 1921 hadi 1939, kwa matoleo tuliyo nayo. Majaribio ya barabarani, ambayo jarida hilo liliyaanza kwa utaratibu 1928, yamepewa jedwali lake kwa kuwa vipimo vyake vinaweza kulinganishwa: muda wa kushika kasi, umbali wa kusimama, maili kwa galoni.

Kinachofuata ni The Light Car, kisha bunda lililogandana la 1934. Mhifadhi mmoja wa nyaraka amekubali kulitazama, na amesema tusilifungue, tusilipashe moto, tusilifanye lolote hadi aje. Mzee wa Industrial Area ameshaagiza: kwenye The Light Car tutafute kabureta ya Zenith, ukubwa wa jeti, kwa injini ndogo, na tuanze na matangazo.